Selimundu: Kwa nini mtoto huambiwa anywe maji na asipigwe na baridi

Mzazi anayetoka kliniki na mtoto mwenye selimundu hurudi nyumbani na dawa mkononi na maagizo kichwani. Mpe maji ya kutosha. Mvalishe nguo za joto. Asichoke kupita kiasi. Alale ndani ya chandarua. Akipata homa, mlete haraka.

Maagizo hayo ni mepesi kiasi kwamba wengi hawayaoni kama tiba. Dawa ya chupa hupewa saa yake, lakini kikombe cha maji husahaulika, na sweta hubaki kabatini kwa sababu asubuhi kulikuwa na jua. Siku chache baadaye mtoto analia usiku, anashika miguu, na familia inaanza kuulizana nani kamfanyia nini.

Ukweli ni kwamba maagizo yote hayo yana sababu moja. Yanahusu jinsi damu inavyopita kwenye mishipa iliyo myembamba kuliko unywele. Mzazi akiielewa safari hiyo ya damu, ataona mwenyewe kwa nini mtoto aliyelowa na mvua abadilishwe nguo kabla ya kula, na kwa nini daktari anaweza kukataa kumwongezea damu mtoto ambaye viganja vyake vimepauka.

Suala hili linagusa nyumba nyingi. Tanzania inatajwa kuwa miongoni mwa nchi tano duniani zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu, nyuma ya nchi kama Nigeria, India na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Makadirio yanayotumiwa mara nyingi ni watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Wengi wao hufariki kabla ya kufikisha miaka mitano, na baadhi huzikwa bila familia kujua walikuwa wanaumwa nini.

Damu si kama maji

Damu ikiwekwa kwenye kichupa cha maabara na kuachwa itulie, hujitenga. Juu hubaki maji ya rangi ya manjano yanayoitwa plazima, na chini hukaa chembe. Kwa mtu mzima mwenye afya, chembe hizo huchukua karibu asilimia 45 ya damu yote, na nyingi ni chembe nyekundu zinazobeba oksijeni. Tone lenye ukubwa wa kichwa cha pini lina mamilioni yake.

Kwa kuwa imejaa chembe, damu haitiririki kama maji. Inafanana zaidi na uji. Uji unaokorogwa jikoni ni mwepesi na unamiminika, lakini ukiachwa bila kuguswa unakuwa mzito. Damu nayo ikienda kasi ni nyepesi, na ikipungua kasi inakuwa nzito.

Kutoka kwenye moyo, damu huanza safari katika mishipa mipana, kisha mishipa hugawanyika na kuwa midogo zaidi na zaidi. Mwisho hufika kwenye kapilari, vijishipa ambavyo ndimo oksijeni hutolewa na kupewa misuli, mifupa, ubongo na figo. Hapa ndipo penye mtihani. Chembe nyekundu ina upana wa maikromita 7 hadi 8, yaani ukizipanga kama kumi hivi zinakaribia unene wa unywele mmoja. Kapilari nyingine zina upana wa maikromita 5 tu. Mlango ni mdogo kuliko anayepita.

Chembe yenye afya hupita kwa kujikunja. Ni kama chapati iliyotoka jikoni sasa hivi: unaikunja mara mbili, mara nne, na ukiiachia inarudi ilivyokuwa. Chembe hufanya hivyo kwa siku zipatazo 120, kisha huchakaa na mwili kutengeneza nyingine.

Kuta za mishipa nazo si kama bomba la plastiki gumu. Ukuta wa kapilari ni safu moja tu ya seli, laini na hai. Mishipa midogo inayopeleka damu kwenye kapilari imezungukwa na misuli inayoweza kuibana au kuilegeza kulingana na mahitaji ya mwili. Kubana kidogo tu kunaleta tofauti kubwa. Daktari wa Ufaransa, Jean Poiseuille, aliyepima mtiririko wa vimiminika kwenye vibomba vyembamba vya kioo katika karne ya 19, aligundua kanuni ambayo bado inafundishwa vyuoni: bomba likipungua upana kwa nusu, na nguvu ya kusukuma ikibaki ileile, kinachopita hupungua hadi sehemu moja kati ya 16. Damu, kwa sababu ya chembe zake, haiifuati kanuni hiyo kwa ukamilifu, lakini somo ni lilelile.

Mbio za sekunde chache

Mtoto mwenye selimundu amezaliwa na himoglobini iliyo tofauti kidogo. Himoglobini ndiyo inayoshika oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Ikiwa na oksijeni, haina shida. Ikishaitoa oksijeni, himoglobini ya selimundu huanza kushikana na kujenga nyuzi ndefu ndani ya chembe. Nyuzi hizo huivuta chembe na kuifanya ngumu, mara nyingi kwa umbo la mundu, na ndipo jina lilipotoka. Chembe hiyo sasa ni kama chapati iliyolala hadi kesho yake. Haikunjiki.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba nyuzi hizo hazijengeki papo hapo. Kuna muda mfupi wa kusubiri kati ya oksijeni kutoka na chembe kuwa ngumu. Nao muda wa kupita kwenye kapilari ni mfupi, sekunde moja au chache zaidi. Chembe ikiwahi kutoka kwenye njia nyembamba na kuelekea kwenye mapafu, itapata oksijeni tena na kubaki laini. Ikichelewa, itaganda njiani.

Kwa hiyo ndani ya mwili wa mtoto huyu kuna mbio zisizokoma: damu ipite kwanza, au chembe ziwe ngumu kwanza? Siku nyingi damu hushinda, na ndiyo maana mtoto yuleyule aliyelazwa wiki iliyopita leo anacheza mpira uani kama wenzake. Siku ambayo damu inachelewa, chembe chache hunasa. Zilizo nyuma yake husimama, zinapoteza oksijeni, nazo zinakuwa ngumu. Foleni inakua. Sehemu iliyo mbele inakosa oksijeni, na mtoto anapata maumivu makali.

Watafiti wa Marekani waliionyesha hali hii maabara mwaka 2007. Walitengeneza vijinjia vyembamba ndani ya mpira laini wa silikoni, wakapitisha damu ya watu wenye selimundu na kubadilisha kiwango cha oksijeni, nguvu ya kusukuma na upana wa njia. Oksijeni ilipopungua, damu ilisimama. Iliporudishwa mapema, damu ilitembea tena. Wakati ulikuwa na uzito uleule kama oksijeni yenyewe.

Kuna mambo mengine mawili yanayoiongezea selimundu nguvu. Kwanza, chembe zinazokunjwa na kugandishwa mara kwa mara huchakaa mapema. Badala ya siku 120 huishi siku 10 hadi 20 tu, ndiyo maana mtoto ana upungufu wa damu na macho yake huwa ya manjano. Pili, chembe zinapopasuka, himoglobini inayomwagika huondoa gesi ambayo kuta za mishipa huitumia kujilegeza. Kuta zinabana, na kwa ndani zinakuwa na utelezi mdogo, zinanasa chembe kwa urahisi. Njia inazidi kuwa finyu kwa damu ambayo tayari imekuwa ngumu kupita.

Maji: kila kikombe kinaongeza muda

Ule muda wa kusubiri kabla chembe haijawa ngumu unategemea sana jinsi himoglobini ilivyosongamana ndani ya chembe. Chembe ikipoteza maji kidogo tu, himoglobini husongamana zaidi na muda huo hupungua kwa kiasi kikubwa. Mtoto mwenye kiu, anayetapika au anayeharisha ameanza mbio akiwa nyuma.

Hapa kuna mtego. Figo ni kiungo kimojawapo kinachoathirika mapema, kwa kuwa ndani yake kuna sehemu zenye oksijeni kidogo ambako chembe hunasa kirahisi. Figo za mtoto huyu hushindwa kubana mkojo, hivyo anakojoa sana hata kama mwili wake una upungufu wa maji. Ndiyo sababu wengi wao hukojoa kitandani hadi umri mkubwa. Mzazi asiyejua humnyima maji jioni ili godoro lisilowe, au humchapa. Mtoto anapoteza maji usiku kucha, na alfajiri, kukiwa na baridi, maumivu yanaanza.

Kwa sababu hiyohiyo, rangi ya mkojo haitoshi kumwambia mzazi kama maji yanatosha. Mkojo unaweza kuwa mweupe na bado mtoto akawa na upungufu. Jambo la busara ni kumzoesha kunywa kidogo kidogo kutwa nzima, na kuongeza siku za jua kali, za michezo na za homa. Kiasi kinachofaa kwa uzito wake kinaulizwa kliniki. Kitandani litandikwe nailoni chini ya shuka, na lawama ziachwe.

Shuleni mtoto awe na chupa yake ya maji, na mwalimu aelezwe mapema kwamba ataomba ruhusa ya kwenda chooni mara nyingi kuliko wenzake. Mtoto anayeogopa kuomba ruhusa huacha kunywa maji. Barua fupi kutoka kliniki, ikikabidhiwa kwa mwalimu wa darasa mwanzoni mwa muhula, humsaidia kuliko maelezo ya siku ambayo tayari ameanguka.

Baridi: ukuta unapojibana

Mwili ukipigwa na baridi, mishipa midogo ya ngozi, mikono na miguu hujibana ili joto lisipotee. Kwa mtoto mwingine hilo ni jambo la kawaida. Kwa mwenye selimundu, njia imepungua upana, mtiririko umeshuka mno kuliko ule upungufu wa upana, na chembe zinakaa muda mrefu mahali penye oksijeni kidogo.

Wazazi wa Njombe, Mbeya na Arusha wanaujua mwezi wa saba ulivyo. Hata Dar es Salaam kuna mvua za masika, bahari ya jioni na feni inayozunguka usiku kucha juu ya mtoto aliyeoga. Aoge maji ya uvuguvugu, akaushwe mara moja, na akilowa abadilishwe nguo kwanza. Soksi na sweta viwe kwenye begi la shule hata kama asubuhi kuna jua.

Kosa moja hufanywa kwa nia njema kabisa. Mkono ukivimba, watu wengi wamezoea kukanda kwa barafu. Kwa mtoto mwenye selimundu barafu inabana mishipa ambayo tayari imeziba. Kinachofaa ni kitambaa cha uvuguvugu, kisichounguza, pamoja na maji ya kunywa na dawa ya maumivu aliyoandikiwa.

Michezo haijakatazwa. Mtoto acheze, lakini apumzike kabla hajaishiwa pumzi, anywe maji katikati, na asishindanishwe kukimbia hadi aanguke. Misuli inayofanya kazi kupita kiasi hunyonya oksijeni yote kwenye damu inayopita.

Maumivu yasiyoonekana

Kwa watoto wa miezi sita hadi miaka miwili, dalili ya kwanza mara nyingi ni kuvimba viganja na nyayo. Kabla ya miezi sita mtoto hulindwa na himoglobini ya uchanga aliyozaliwa nayo, ambayo haijengi nyuzi. Inapopungua, ugonjwa hujitokeza.

Mtoto mkubwa huumwa mgongo, kifua, mapaja au tumbo, na mara nyingi hakuna uvimbe wala kidonda cha kuonyesha. Wengi wameitwa wavivu, waongo au watu wa kudeka. Lakini mfupa uliokosa damu unauma kweli, na hofu huzidisha hali. Dawa ya maumivu ianze mapema kama kliniki ilivyoelekeza, bila kusubiri mtoto apige kelele. Aspirini asipewe bila agizo la daktari.

Homa na malaria

Bandama, kiungo kilicho upande wa kushoto chini ya mbavu, kazi yake ni kuchuja damu na kukamata vijidudu. Mianya ya chujio lake ni myembamba kuliko hata kapilari, kwa hiyo chembe ngumu huliharibu mapema sana, mara nyingi kabla ya miaka mitano. Mtoto anabaki bila mlinzi wake mmoja, na nimonia au maambukizi ya damu yanaweza kumuua ndani ya saa chache.

Ndiyo maana watoto wadogo hupewa penisilini kila siku hata wakiwa wazima. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulionyesha kuwa dawa hiyo ya bei nafuu ilipunguza maambukizi makali ya vijidudu vya nimonia kwa asilimia 84. Chanjo ya nimonia na chanjo nyingine za kliniki zisirukwe.

Homa pia huathiri mtiririko wenyewe. Mtoto anapoteza maji kwa jasho, na kuta za mishipa zinazopambana na maambukizi huwa na kunata zaidi. Kwa hiyo homa ya nyuzi 38 na zaidi ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, hata usiku, na si jambo la kungoja kesho.

Kuhusu malaria kuna mkanganyiko unaogharimu maisha. Ni kweli kwamba mtu aliyerithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, yaani AS, ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi wa jambo hilo mwaka 1954 baada ya kufanya utafiti Afrika Mashariki. Lakini mtoto mwenye SS, ambaye ndiye mgonjwa, hana unafuu huo. Malaria ikimpata humaliza damu haraka. Chandarua na dawa ya kinga kutoka kliniki ni vya lazima kwake.

Kwa nini daktari hakimbilii kuongeza damu

Jambo linaloleta ugomvi wodini mara kwa mara ni hili. Mtoto ana himoglobini ya gramu 7, mzazi amekwishaleta wachangiaji, na daktari anasema damu haihitajiki. Familia huona kama mtoto ametelekezwa.

Mtoto mwenye selimundu huishi na himoglobini ya gramu 6 hadi 9 akiwa katika hali yake ya kawaida, na mwili wake umezoea. Damu yenye chembe chache ni nyepesi, na wepesi huo unaisaidia ipite licha ya ugumu wa chembe zake. Ikiongezwa nyingi ghafla huku chembe ngumu zingali nyingi, damu inakuwa nzito kama uji uliozidishiwa unga. Inapungua kasi, na inaweza kuziba zaidi, hata kuleta kiharusi. Kwa sababu hiyo madaktari huwa waangalifu himoglobini isizidi gramu 10 kwa mtoto ambaye bado ana himoglobini ya selimundu kwa wingi.

Kuna nyakati damu inaokoa maisha: himoglobini ikishuka ghafla chini ya kiwango chake cha kila siku, bandama ikivimba na kunyonya damu, kifua kikiziba, au kukiwa na kiharusi. Mzazi anayejua kiwango cha kawaida cha mtoto wake, na kukiandika kwenye daftari la kliniki, anamsaidia daktari wa zamu kuamua haraka. Vidonge vya kuongeza madini ya chuma navyo visinunuliwe dukani bila kupimwa, kwani watoto hawa wanaweza kuwa na chuma cha kutosha au kilichozidi.

Dawa inayofanya damu ipite

Haidroksiyurea haiponyi selimundu, lakini inabadilisha mbio zile. Inauamsha mwili kutengeneza tena himoglobini ya uchanga, ambayo ikichanganyika na ya selimundu huvuruga ujenzi wa nyuzi. Chembe zinakuwa kubwa na laini zaidi, na vitu vinavyonata kwenye kuta hupungua.

Kwa miaka mingi kulikuwa na wasiwasi kama dawa hii ingewafaa watoto wa Afrika, wanaoishi penye malaria na lishe duni. Jibu lilipatikana katika utafiti wa watoto 606 wa Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda, uliochapishwa kuanzia mwishoni mwa 2018. Vipindi vya maumivu vilipungua kwa zaidi ya nusu ikilinganishwa na kabla ya dawa. Malaria ilipungua kwa takribani nusu, na kuongezewa damu na vifo vilishuka hadi karibu theluthi moja. Dawa hii inahitaji vipimo vya damu mara kwa mara, kwa hiyo inaanzishwa na kufuatiliwa kliniki. Mzazi ambaye mtoto wake ana SS na hajawahi kuambiwa habari zake ana haki ya kuuliza.

Kipimo kingine cha kuuliza ni cha mawimbi ya sauti kichwani, kisicho na sindano wala maumivu. Hupima kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo. Anayemwagilia bustani anajua kwamba akiziba mdomo wa mpira wa maji kwa kidole, maji yanatoka kwa kasi zaidi. Vivyo hivyo, damu inayokimbia sana ubongoni inaonyesha kuwa mshipa umeanza kufinyika. Kasi iliyo chini ya sentimita 170 kwa sekunde ni ya kawaida. Ikifika 200, hatari ya kiharusi ni kubwa. Bila kinga, takribani mtoto mmoja kati ya kumi wenye SS hupata kiharusi kabla ya miaka 20. Utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha kuwa watoto wenye kasi kubwa waliowekwa kwenye mpango wa kuongezewa damu walipungukiwa na hatari hiyo kwa zaidi ya asilimia 90. Kipimo hufanywa kila mwaka kuanzia miaka miwili hadi 16.

Upandikizaji wa uloto unaweza kuponya kabisa, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imeanza kuufanya kwa watoto wenye selimundu. Lakini unahitaji ndugu anayelingana na gharama yake ni kubwa. Kwa watoto wengi, tegemeo bado ni kliniki na nyumbani.

Usisubiri ukiona haya

Mtoto apelekwe hospitali mara moja akiwa na:

- homa ya nyuzi 38 au zaidi;
- kupumua kwa shida au maumivu ya kifua;
- mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, degedege, au kushindwa kuongea;
- kupauka ghafla, tumbo kuvimba upande wa kushoto, au ulegevu usio wa kawaida;
- maumivu yasiyotulia kwa dawa za nyumbani;
- kwa mvulana, uume kusimama kwa saa nyingi huku ukiuma. Ukipita saa 4 ni dharura, na aibu isimcheleweshe.

Muuguzi wa kliniki anaweza kumfundisha mzazi kupapasa bandama ya mtoto kila siku wakati wa kuoga. Ni kazi ya dakika moja, nayo imewawezesha wazazi kugundua hatari mapema.

Si damu ya mama peke yake

Katika familia nyingi lawama humwangukia mama, au jirani anayedhaniwa mchawi. Selimundu hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Inakadiriwa asilimia 13 hadi 20 ya Watanzania, kutegemea eneo, wana AS, na wengi hawajui kwa sababu ni wazima. AS wawili wakioana, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye SS, mbili kati ya nne za AS, na moja kati ya nne ya asiyerithi kabisa. Hesabu hiyo huanza upya kila mimba. Kuwa na mtoto mmoja mgonjwa hakumaanishi watatu wanaofuata watakuwa wazima.

Kipimo cha damu kinajibu swali hilo. Muhimbili, ambako kliniki na utafiti wa selimundu ulioongozwa na Profesa Julie Makani vimefuatilia wagonjwa tangu 2004, umeonyesha kuwa watoto waliotambuliwa na kuhudumiwa wanaweza kukua, kusoma na kuwa wazazi. Nyumba yenye mtoto mwenye SS iwapime pia ndugu zake, hasa mdogo anayefuata, kabla hajafikisha miezi sita. Kuanzia umri huo ndipo penisilini, chandarua, kikombe cha maji na sweta vinapoanza kumkinga.